ALISIKIA MUZIKI, AKAKATAA KUINGIA



Leo sina mahubiri. Nina ushuhuda, na ushuhuda wenyewe haunipambi. Jumapili iliyopita nilikuwa nahubiri Luka 15, na nilipofika mstari wa 25 nilishindwa kuendelea kwa muda. Waliokuwepo waliona. Wengine mmeniandikia kuniuliza, "Pasta, kulikoni?" Haya, kaa chini nikueleze.

Usome mstari ule polepole. Kaka mkubwa anatoka shambani, amechoka, anakaribia nyumbani. Kitu cha kwanza kumfikia si sura ya mdogo wake wala sauti ya baba yake. Ni muziki. Anasikia watu wakiimba na kucheza. Lakini haingii. Anamwita mtumishi, anamhoji huko huko nje, na akishapata habari anakasirika na kukataa kuingia.

Mimi nimewahi kusimama pale nje, mpendwa. Na muziki nilioukasirikia ulikuwa wa mwanamke anayeitwa Aretha Franklin.

Nilikulia Nakuru. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, tukabaki na Mama na dada yangu ambaye ni mkubwa kwangu kwa miaka minane. Dada alikuwa na sauti. Kwaya ya kanisa la Mama ilimtegemea. Mwaka 1993 akapata kazi ya kuimba na bendi ya hoteli huko Pwani, ya kuwaimbia watalii wakati wa chakula cha jioni. Kila alipokuja likizo alikuja na unga, sukari, na mkebe wa biskuti uliojaa kanda.

Kanda moja ilikuwa imenakiliwa, jina la mwimbaji limeandikwa kwa biro. Ilikuwa albamu ya Aretha ya mwaka 1967, ile yenye wimbo "Respect". Dada aliniketisha karibu na redio akaniambia, "Huyu ni mtoto wa pasta. Usisikilize maneno kwanza. Sikiliza vile anapiga piano. Hilo ni kanisa."

Nilikuwa kijana mdogo, sikuelewa. Leo naelewa. Aretha alizaliwa Memphis mwaka 1942 na akakulia Detroit, ambako baba yake, Mchungaji C. L. Franklin, aliongoza kanisa la New Bethel Baptist. Mzee huyo alikuwa mhubiri ambaye mahubiri yake yaliuzwa kwenye santuri Marekani nzima. Mama yake Aretha alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka 10. Akiwa na miaka 14 tayari nyimbo zake za injili zilikuwa zimerekodiwa katika kanisa la baba yake. Akiwa na miaka 18 alitiwa saini na kampuni ya Columbia, na kwa miaka kadhaa wakamvika mitindo mingi ya kupendeza ambayo haikumkaa vizuri. Ndipo akahamia Atlantic, na mtayarishaji Jerry Wexler akamkalisha kwenye piano aimbe vile anavyojua. Na alichojua ni kile alichojifunza madhabahuni. Hata "Respect", wimbo wa Otis Redding, aliuchukua akaugeuza ukawa wake, na nyuma yake wanaomwitikia ni dada zake wa damu, Carolyn na Erma. Ni kama kwaya ya nyumbani imehamia studio.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumpenda. Jioni, Mama akipika, mimi na Dada tukiitikia sehemu za Carolyn na Erma.

Mwaka 1995 niliokoka kwenye krusedi. Nilikuwa na miaka 16, na namshukuru Mungu kwa siku ile; sitaijutia kamwe. Lakini wiki chache baadaye vijana tuliambiwa tulete kila kitu cha dunia tukichome. Wengine walileta magazeti, wengine mavazi. Mimi sikuwa na kitu changu cha dunia. Basi nikachukua cha Dada. Nilimwaga mkebe mzima kwenye moto. Plastiki ya kanda ina harufu mbaya ikiungua, na ule utepe wa ndani unajikunja kama kitu kilicho hai. Watu walipiga vigelegele. Nikaenda nyumbani nikijiona nimeshinda vita.

Dada alikuja mwezi wa Desemba. Akautafuta mkebe. Nikamwambia nilichofanya, tena kwa ujasiri, nikiwa na Biblia mkononi. Alinitazama, akasema, "Ungeniuliza kwanza." Akaingia jikoni kumsaidia Mama kusukuma chapati. Hakulitaja tena jambo hilo.

Sasa sikiliza sehemu inayoniumiza.

Mwaka 2000 niliitikia wito nikaingia chuo cha Biblia. Mama hakuwa na karo. Kanisa lilifanya harambee, tukapata ya muhula mmoja. Iliyobaki, miaka yote, ililipwa na Dada kutoka kwa ile kazi ya hoteli. Siku hizo hakukuwa na M-Pesa. Alikuwa akituma kwa posta, wakati mwingine kwa mkono wa mtu wa basi. Mwaka 2002, baada ya shambulio la bomu la Kikambala, watalii walipungua sana Pwani, na karo yangu ikachelewa. Ilichelewa, lakini ilikuja. Kwa hiyo kila mahubiri uliyonisikia nikihubiri, kila neno la Kigiriki ninalokufafanulia, lililipiwa na nyimbo za hotelini. Nililijua hilo. Nilikuwa nikitia saini risiti.

Nikiwa mwaka wa pili, mwalimu wetu wa somo la ibada alikuja darasani na redio. Akatuambia tufunge macho. Ilikuwa albamu ya "Amazing Grace". Sauti ilipoanza nilifungua macho mara moja. Nilimjua yule mama. Nilikuwa nimemchoma moto.

Mwalimu akatueleza. Januari 1972, Aretha akiwa tayari nyota wa dunia nzima, alirudi kanisani kwa usiku mbili, tarehe 13 na 14, katika kanisa la New Temple Missionary Baptist huko Los Angeles. Jengo lenyewe lilikuwa zamani ukumbi wa sinema, kama yalivyoanza makanisa mengi ya kwetu. Mchungaji James Cleveland alikuwa kwenye piano, na nyuma yao kwaya ya Southern California Community Choir. Aliimba ule wimbo wa kumwita Yesu rafiki yetu, ambao kila mama wa kanisa hapa Kenya anaujua. Aliimba wimbo wa Thomas Dorsey wa kumwomba Bwana amshike mkono, ambao Dorsey aliuandika mwaka 1932 baada ya kufiwa na mkewe na mtoto mchanga. Na katikati yake akausuka wimbo wa Carole King kuhusu urafiki, wimbo wa redioni kabisa, na ukakaa pale kama ulizaliwa kanisani.

Halafu ukafika wimbo wenyewe wa neema. Unajua uliandikwa na John Newton, mtu aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa kabla ya kuwa mchungaji. Sasa uimbwe na wajukuu wa watumwa. Aretha aliuimba kwa zaidi ya dakika 10, neno moja analipandisha, analishusha, analirudia, hadi James Cleveland mwenyewe akaacha piano akakaa akilia. Darasani kwetu pia watu walilia. Mimi nililia, nikafikiri ni upako peke yake. Ulikuwa upako, lakini pia ilikuwa hatia.

Albamu ile iliuza nakala zaidi ya milioni 2. Kwangu mimi ilikuwa mlango. Kuanzia pale nilimtafuta Aretha albamu moja baada ya nyingine, kwenye vibanda vya kanda, baadaye kwenye sidii, baadaye kwenye simu. "Lady Soul" ya 1968. "Spirit in the Dark" ya 1970. "Young, Gifted and Black" ya 1972. Ile ya 1987 inayobeba jina kutoka Waefeso 4:5, ambayo alirudi kuirekodi katika kanisa la New Bethel, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Nimekuwa mpenzi wake maisha yangu yote, na watu wa nyumbani kwangu wanajua kwamba Jumatatu asubuhi, nikiwa nimechoka kwa ibada, Aretha ndiye anayeniamsha.

Kwa hiyo nilimsamehe Aretha, mpendwa. Nilimpata hata kwenye mifano ya mahubiri. Nilisema, "Tazama, alitoka kanisani na kanisa halikutoka ndani yake," na watu wakasema amina. Mwanamke wa Detroit ambaye hakuwahi kunijua nilimfungulia mlango kwa furaha.

Lakini mwaka 2005 niliwekewa mikono kuwa mchungaji, na Dada akasafiri usiku kucha kutoka Mombasa kuja. Alikuja na suti yangu. Alikuwa ameshona na yake pia, na alikuwa amejiandaa kuimba wimbo mmoja. Alimwambia Mama, Mama akaniambia. Nikamwambia mratibu wa ibada kwamba ratiba imejaa.

Ratiba haikuwa imejaa. Niliogopa wazee wa kanisa. Niliogopa mtu aseme, "Huyo si yule anaimbia wazungu kwenye baa?" Kwa hiyo nilisimama mbele ya kanisa nikiwa nimevaa suti aliyoninunulia, naye akakaa safu ya nyuma na wimbo wake tumboni. Baada ya ibada alisaidia akina mama kuosha vyombo, akapanda basi la usiku, akarudi kazini.

Ndugu yangu, naijua Luka 15. Nimeifundisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini kuna jambo sikuwa nimeliona. Mdogo alipotapanya mali, mstari wa 13, Biblia yetu imetumia neno uasherati, ila lile neno la Kigiriki linabeba zaidi maana ya ubadhirifu, kuishi ovyo bila mpango. Makahaba wanatoka wapi basi? Wanatoka kinywani mwa kaka mkubwa, mstari wa 30. Hakuwa amefika nchi ile ya mbali. Hakuwa ameuliza. Alijaza mwenyewe pale asipojua, na akajaza kwa matope.

Mimi kwa umri ni mdogo wa Dada. Kwa roho nilikuwa kaka mkubwa. Sikuwahi kufika kwenye ile hoteli. Sikuwahi kuuliza anaishije. Nilijaza mwenyewe.

Aretha alifariki tarehe 16 Agosti 2018, na mazishi yake huko Detroit yakachukua karibu siku nzima, watu wakihubiri na kuimba. Niliyatazama kwenye simu. Nilitaka kumpigia Dada siku ile. Sikupiga. Ungeanzia wapi?

Kisha mwaka 2020 makanisa yakafungwa kwa sababu ya corona. Nikiwa nyumbani, mimi na mke wangu tukatazama filamu ya zile usiku mbili za 1972. Ilipigwa na Sydney Pollack, lakini sauti na picha zilishindwa kuoanishwa, ikakaa miaka mingi bila kuonyeshwa hadi Aretha alipokwisha kufariki. Usiku wa pili baba yake anafika. Aretha yuko kwenye piano anaimba, jasho linamtiririka, na mzee anainuka, anachukua kitambaa, anampangusa uso. Mbele ya watu wote. Na alipopewa nafasi ya kusema, alieleza kwamba kuna mtu alimwambia itakuwa vizuri binti yake akirudi kanisani, naye akamjibu kwamba ukweli ni kwamba hakuwahi kuliacha kanisa.

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo kabla. Siku ile yalinisikia mimi. Sisemi familia ile ilikuwa ya malaika. Walikuwa na majeraha yao, na baba mwenyewe hakuwa mtu asiye na doa. Lakini pale alifanya kile baba wa Luka 15 alichofanya. Hakusubiri maelezo. Alisimama upande wa mtoto wake.

Mke wangu akaniangalia akasema, "Mpigie."

Nikampigia. Nikasema, "Dada, kuhusu zile kanda." Akacheka. "Kanda? Wewe nawe, hiyo ni ya Musa." Nikasema, "Na kuhusu ile siku ya kuwekewa mikono." Hapo hakucheka. Alinyamaza hadi nikafikiri laini imekatika. Nikamwambia ratiba haikuwa imejaa. Akasema, "Najua. Niliiona kwa mratibu."

Miaka 15 alikuwa anajua.

Kisha akaniambia kitu ambacho sikuwa nakijua. Kwamba miaka yote ile ya hoteli, alikuwa akimaliza kuimba Jumamosi usiku wa manane, analala saa mbili tatu, anaamka kwenda ibada ya kwanza ya kanisa dogo karibu na alikopanga chumba, na baada ya ibada anafundisha watoto wa shule ya Jumapili nyimbo. Watoto wa watoto wale sasa wako kwenye darasa lake. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akajibu, "Hukuwahi kuniuliza."

Mpendwa, kuna majibu ambayo hata chuo cha Biblia hakikuandai kuyapokea.

Alikuja Nakuru Desemba 2021. Jumapili ile nilisimama mbele ya kanisa nikaeleza yote, nikamwomba msamaha mbele ya wale ambao niliwaogopa. Kisha nikamwambia, "Dada, ratiba ni yako. Imba wimbo ule."

Akatikisa kichwa. Mwaka 2016 alifanyiwa upasuaji wa rovu, na sauti yake haikurudi vile ilivyokuwa. Mimi nilichanga pesa za hospitali na nikaombea upasuaji. Sikuwahi kuuliza habari ya sauti. Akasema kwenye maikrofoni, kwa sauti nzito yenye mikwaruzo ambayo sikuijua, "Sauti imekwenda, mdogo wangu. Lakini mikono ipo." Akaenda kwenye kinanda, kijana wetu akampisha, na akatupigia ule wimbo wa Yesu rafiki yetu. Kanisa zima likaimba. Mimi sikuweza. Nilikuwa nasikiliza vile anapiga. Hilo lilikuwa kanisa.

Mungu amenisamehe, na Dada amenisamehe. Lakini wimbo wa 2005 sitausikia kamwe. Sijui hata ulikuwa upi. Nilimuuliza, akasema, "Huo uwache." Msamaha unarudisha undugu, hauturudishii kila tulichokichoma.

Usinielewe vibaya. Sisemi kila wimbo unafaa kwa mtu wa Mungu, na kijana uliyeokoka juzi, kama kuna muziki unaokurudisha kwenye chupa, uwache leo. Roho Mtakatifu atakufundisha. Ninachosema ni hiki: choma cha kwako. Usichome cha mwenzako ukaita ushindi. Na kabla hujamhesabu mtu kuwa yuko nje ya nyumba ya Baba, hakikisha si wewe uliyesimama nje.

Kuna mtu ananisoma hapa, una binti, una mdogo, una dada, ambaye kazi yake inakuaibisha mbele ya washirika. Umejaza mwenyewe usiyoyajua. Pengine karo yako, kodi yako, dawa za mama yenu zinatoka kwake. Mpigie leo. Usianze na mstari wa Biblia. Anza na swali, halafu unyamaze usikie jibu.

Umeona vile hadithi ya Luka inavyoisha? Haisemi kama kaka mkubwa aliingia. Baba ametoka nje, anamsihi, na muziki bado unasikika ndani. Yesu aliuacha mwisho wazi. Nafikiri aliuacha kwa ajili yangu mimi na wewe.

Tuombe. Baba, umetoka nje kutusihi mara nyingi kuliko tunavyostahili. Tusamehe kwa ndugu tuliowafungia mlango wa nyumba ambayo si yetu. Tupe masikio ya kuuliza kabla ya mdomo wa kuhukumu. Na wale ambao wimbo wao tuliuzima, uwape wimbo mpya, kwa sauti au kwa mikono. Katika jina la Yesu, amina.

Kama kuna mtu umemkumbuka ukisoma, usiandike jina lake hapa. Andika AMINA, kisha ufunge ukurasa huu, umpigie.

Mchungaji wako.